Kabati la Nguo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome kwanza kwa sauti. Kisha kila mwanafunzi asome fungu moja.

Natumaini mmekwisha kukaa, taa imewashwa, na madaftari yapo mbele yenu. Walio nyuma na wasogee karibu.

Katika somo lililopita tulijifunza habari za sheria za pasi huko Afrika ya Kusini. Leo tutaendelea kutoka pale pale. Lakini leo tutaingia katika nyumba moja, tumtazame mtoto mmoja, na kumfuata mpaka awe mtu mzima. Jina lake ni Simon Nkoli. Alizaliwa Soweto, karibu na mji wa Johannesburg, mwaka 1957. Alifariki mwaka 1998. Alikuwa mtoto wa wafanyakazi maskini. Tena alikuwa mwanamume apendaye wanaume.

Nimelisema jambo hilo tangu mwanzo ili mtu asidhani nimemtega. Najua baadhi yenu mtataka kuizima redio. Nawaomba msiizime. Nataka kuwaeleza jinsi mtoto wa namna hiyo anavyokua katika nyumba ya mtu maskini. Watoto hao huzaliwa katika nyumba zetu, nasi ndio tunaowalea, tujue tusijue.

Kwanza, neno moja juu ya maneno. Mitaani yapo majina mengi ya matusi kwa watu hao. Katika pwani yetu neno "shoga" ni neno zuri: mwanamke humwita hivyo rafiki yake mwanamke. Watu wengine wamelichukua neno hilo wakaligeuza tusi. Katika somo letu hatutatumia tusi lolote. Tutasema "mwanamume apendaye wanaume" na "mwanamke apendaye wanawake". Maneno haya ni marefu kidogo, lakini kila mtu anayaelewa, na hayamuumizi mtu.

MTOTO MWENYE UFUNGUO

Mnakumbuka pasi ilikuwa kitu gani. Tangu sheria ya mwaka 1952, kila Mwafrika wa Afrika ya Kusini aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua kitabu cha pasi popote aendapo. Wazee wa Kenya wanalijua jambo hili, kwa sababu baba zao walivaa kipande shingoni wakati wa Waingereza. Kitabu cha pasi kilionyesha mtu anatoka wapi, anafanya kazi kwa nani, na kama ana ruhusa ya kukaa mjini. Mtu asiye na ruhusa alikamatwa, akafungwa au akarudishwa shamba. Polisi walikuja usiku, wakagonga milango, wakahesabu watu vitandani.

Sehemu ya utoto wake Simon alikaa shamba kwa babu na bibi yake, katika jimbo la Free State. Wazee hao walikaa katika ardhi ya mkulima wa Kizungu, na mkulima alitaka watoto wafanye kazi shambani badala ya kwenda shule. Simon alipenda sana shule. Mwishowe aliondoka akaenda kwa mama yake mjini.

Huko mjini wazazi wake hawakuwa na ruhusa ya kukaa pamoja mahali hapo. Simon mwenyewe alieleza baadaye jambo lililotokea alipokuwa mtoto wa miaka kama tisa. Polisi walikuja kuwatafuta watu wasio na pasi. Mtoto yule akawaficha baba na mama katika kabati la nguo, akafunga kwa ufunguo. Kisha akawakabili polisi.

Hebu simameni hapo kidogo mfikiri. Mtoto mdogo anashika ufunguo mkononi. Ndani ya kabati wamekaa watu wawili wazima, wazazi wake, hawathubutu hata kukohoa. Si wezi, wala hawakumdhuru mtu. Kosa lao ni kuwa pamoja katika nyumba moja. Likumbukeni kabati hilo, maana tutalirudia.

NYUMBA YA MASKINI HAINA PEMBE

Baadaye jamaa hao walikaa Sebokeng, kusini ya Johannesburg, katika nchi ya viwanda vya chuma na migodi ya makaa. Sebokeng ni mji wa wafanyakazi, si mbali na Sharpeville, mahali ambapo polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 69 tarehe 21 Machi 1960, walipokuwa wakizipinga pasi.

Katika miji kama hiyo serikali ilijenga nyumba ndogo zilizofanana, safu kwa safu, vyumba vinne kila nyumba, na choo nje. Watu waliziita nyumba za viberiti. Ndani yake walikaa watu wanane, au kumi, au zaidi. Wazazi walilala chumbani. Watoto walilala jikoni na sebuleni, wakitandika usiku na kukunja alfajiri.

Sasa mfikirini mtoto wa kiume katika nyumba hiyo. Anapofika umri wa miaka 13 au 14, wenzake wanaanza kuzungumza habari za wasichana. Yeye anasikiliza, na anangoja moyo wake useme kama wao. Moyo hausemi. Badala yake anaona kwamba anamtazama kijana mwenzake kama wenzake wanavyowatazama wasichana. Hakuna aliyemfundisha. Hakulichagua jambo hilo, kama vile ninyi hamkuchagua mkono mtakaoandikia.

Je, atamwambia nani? Mtoto wa tajiri mwenye siri kama hiyo ana chumba chake na mlango wake. Akiona mambo ni mazito, hupanda gari akaenda mji mwingine, akapanga chumba, akawa mgeni asiyejulikana na mtu. Mtoto wa maskini hana mlango. Barua yake husomwa na jirani, kwa sababu mama hajui kusoma. Mshahara wake wa kwanza huingia katika chungu cha wote. Katika Sebokeng ya wakati ule hata kuhama hakuweza kwa hiari yake, kwa sababu pasi ilimfunga mahali pamoja.

Tena liko jambo kubwa kuliko hayo. Mtu maskini hana fedha benki. Benki yake ni watu. Akiugua, jirani humletea uji. Akikosa kazi, mjomba humtafutia nyingine. Akifa, chama cha kuzikana humnunulia sanda au jeneza. Basi tajiri akikataliwa na watu, amepoteza watu. Maskini akikataliwa na watu, amepoteza watu, na kitanda, na chakula, na kaburi.

Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hujifunza kazi moja mapema sana, nayo ni kazi ya kujilinda. Hujifunza namna ya kutembea na kucheka, na mahali pa kuweka mikono yake. Hujifunza kutaja jina la msichana fulani ili wenzake waridhike. Na mtu mwingine anapotukanwa barabarani kwa sababu ya jambo hilo hilo, yeye hucheka pamoja na wanaocheka, asije akashukiwa. Kicheko hicho humuuma, lakini hucheka. Ndugu zangu, hilo nalo ni kabati la nguo. Simon mwenyewe alipokuwa mtu mzima alilinganisha hivyo: kwamba yeye alikaa gizani kama walivyokaa wazazi wake, akiogopa mlango kufunguliwa.

SIKU ALIYOSEMA

Alipokuwa kijana wa miaka kama ishirini, Simon alimwambia mama yake ukweli. Alikuwa amepata rafiki waliyejuana kwa kuandikiana barua. Rafiki huyo alikuwa mwanamume. Tena alikuwa Mzungu. Wakati ule sheria ya nchi ilikataza mapenzi kati ya wanaume, tena ilikataza mapenzi kati ya Mzungu na Mwafrika. Kwa hiyo kijana huyu alivunja sheria mara mbili kwa kumpenda mtu mmoja. Baadaye walipokaa nyumba moja, Simon alilazimika kujifanya mtumishi wa rafiki yake, ili majirani wasiulize.

Mama yake hakuweza kulipokea jambo hilo. Alimpeleka kwa waganga wa kienyeji, mmoja baada ya mwingine, akidhani mwanawe amerogwa. Alimpeleka kwa kasisi. Mwishowe walikwenda kwa mtaalamu wa mambo ya akili. Hakuna aliyembadilisha.

Tusimhukumu mama huyu upesi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama aliyewahi kufichwa ndani ya kabati anajua vizuri sheria inamfanya nini mtu anayekamatwa. Alikwisha kuona jinsi mtu mweusi anavyoteswa kwa rangi yake tu. Sasa mwanawe anakuja kumwambia kwamba analo jambo la pili la kuteswa kwalo! Mzazi mwenye hofu na mzazi mwenye chuki huweza kusema maneno yale yale. Lakini hawako sawa, na mtoto anahitaji kujua ni yupi aliye mbele yake.

Hapa kuna maswali matatu ambayo watu huuliza siku zote. Nitayajibu kwa ufupi.

La kwanza: Je, ni ugonjwa? Waganga wa dunia nzima walilifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Tarehe 17 Mei 1990 mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliamua kuliondoa katika orodha ya magonjwa. Si ugonjwa, basi halina dawa. Mzazi anayetumia fedha kutafuta dawa yake anatupa fedha, na anamchosha mtoto.

La pili: Je, jambo hili lililetwa na Wazungu? Sivyo. Wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake wamekuwapo katika kila taifa tunalolijua. Huko huko Johannesburg, mwaka 1907, serikali ilifanya uchunguzi juu ya wachimba dhahabu wa Kiafrika, kwa sababu ilisikia kwamba katika makambi yao wanaume wengine walikaa na vijana kama mume na mke. Mambo ya makambi yale hayakuwa mapenzi siku zote. Mara nyingine yalikuwa nguvu ya mkubwa juu ya mdogo, na hayo hatuyasifu. Lakini yanatuonyesha kwamba jambo lenyewe si geni. Kilichotoka Ulaya katika nchi zetu nyingi ni sheria ya kulikataza. Katika Tanzania na Kenya sheria hiyo iliandikwa wakati wa Waingereza, na mpaka leo ingali katika vitabu vya sheria. Mjue hivyo, maana ni sehemu ya hofu ya mtoto niliyewaeleza.

La tatu: Je, mtu wa namna hiyo ni mtu wa kuharibu watoto? Mtu anayeharibu watoto ni mhalifu, awe apenda wanaume au apenda wanawake, na mahali pake ni mahakamani. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Msiyachanganye.

GEREZANI

Mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kuikataa elimu ya kibaguzi, na wengi waliuawa. Wengine walikimbilia nchi za nje. Wazee wa Morogoro mnawakumbuka vijana waliosoma Mazimbu, katika shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Simon hakukimbia. Alikuwa kiongozi katika chama cha wanafunzi. Wenzake walipojua habari zake, walibishana kama aendelee kuongoza. Wakapiga kura. Walio wengi wakasema abaki.

Mwezi wa Septemba 1984 watu wa Sebokeng na miji ya jirani walikataa kulipa kodi ya nyumba iliyopandishwa. Yalitokea machafuko makubwa, watu wakafa. Simon alikamatwa mwezi huo huo katika shughuli ya mazishi. Baadaye yeye na wenzake, jumla yao watu 22, walishtakiwa kwa uhaini katika mji mdogo uitwao Delmas. Uhaini ni kosa la kutaka kuipindua serikali, na katika nchi ile adhabu yake iliweza kuwa kifo.

Gerezani siku moja ilizuka habari ya mapenzi kati ya wanaume wafungwa. Baadhi ya wenzake Simon wakaanza kulaani watu wa namna hiyo. Hapo Simon angeweza kucheka pamoja nao, kama alivyofanya utotoni. Hakucheka. Alisema, mimi ni mmoja wa hao mnaowalaani.

Kulikuwa na ghasia. Wengine walisema hawataki kushtakiwa pamoja naye, kwa kuwa mwendesha mashtaka atalitumia jambo hilo kuwaaibisha wote. Walizungumza kwa siku nyingi. Mwishowe walikubaliana kubaki pamoja, watu 22, kesi moja. Mmoja wa viongozi wao, Mosiuoa Lekota, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali, alieleza miaka mingi baadaye kwamba jambo lile liliwafundisha. Walijiuliza: mtu aliyetia bega pamoja nasi kusukuma mzigo huu, tutawezaje kumbagua sisi wenyewe?

Angalieni vizuri ni kitu gani kilichowageuza. Hawakusoma kitabu, wala hawakuhubiriwa. Walimjua Simon kwa kazi yake kabla ya kuijua siri yake. Walijua kwamba alihangaika kwa ajili ya kodi za watu, na kwamba alikamatwa kama wao, akalala sakafuni kama wao. Waswahili husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wao walikuwa wamekwisha kuingia ndani.

Na wale Wazungu wapendao wanaume, ambao Simon alikuwa mwanachama wa chama chao, walifanya nini? Chama chao kilimwacha. Kilisema hakitaki siasa. Basi Simon aliona kwamba watu wa mapenzi yake walimkataa kwa sababu ya siasa yake, na baadhi ya watu wa siasa yake walitaka kumkataa kwa sababu ya mapenzi yake. Ndiyo hali ya mtu wa namna hiyo aliye maskini: kila kundi humtaka alete nusu yake, nusu ya pili aiache mlangoni.

Miaka ile ya gerezani Simon aliandika barua nyingi. Ninyi mnaojifunza kuandika, lishikeni hilo. Barua zilisomwa na askari wa gereza kabla ya kutoka, lakini aliandika. Nyingine zimehifadhiwa mpaka leo Johannesburg, na watu huzisoma. Mwaka 1988 mahakama iliamua kwamba Simon hana hatia.

MIFUKO YA KARATASI

Alipotoka alianzisha chama pamoja na wenzake, weusi na weupe, wengi wao vijana wa Soweto na miji mingine ya wafanyakazi. Mmoja wa wenzake alikuwa msichana wa Soweto, Beverley Ditsie, apendaye wanawake. Tarehe 13 Oktoba 1990 chama hicho kilifanya maandamano Johannesburg, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika ya Kusini. Walihudhuria watu kama 800.

Wengine katika maandamano yale walivaa mifuko ya karatasi vichwani, yenye matundu ya macho. Walitaka kutembea pamoja na wenzao, lakini walihofu kuonekana na bwana mkubwa kazini au na jamaa zao. Simon alisema siku ile kwamba yeye ni mtu mweusi, tena ni mtu apendaye wanaume, na kwamba mambo hayo mawili hawezi kuyatenga, wala hapiganii moja na kuliacha lingine.

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo. Tarehe 10 Desemba 1996 Rais Nelson Mandela alitia sahihi Katiba mpya. Hakuitia sahihi ikulu. Alikwenda Sharpeville, jirani na Sebokeng, mahali palipomwagika damu kwa ajili ya pasi. Kifungu cha 9 cha Katiba hiyo kinakataza kumbagua mtu kwa rangi, kwa dini, kwa kuwa mwanamume au mwanamke, na kwa sababu ya mtu anayempenda. Afrika ya Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuliandika jambo hilo katika Katiba. Tarehe 9 Oktoba 1998 mahakama kuu ya Katiba ilifuta sheria iliyowafunga wanaume wapendanao. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Simon alifariki kwa ukimwi, akiwa na miaka 41.

Huo ukimwi nao hakuuficha. Alifanya kazi ya kuwafundisha watu wa mitaa ya wafanyakazi habari zake, wakati ambapo wengi walikufa kimya kwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku chache baada ya kifo chake, tarehe 10 Desemba 1998, rafiki zake walianzisha harakati kubwa ya kudai dawa za ukimwi kwa ajili ya maskini. Leo mamilioni ya watu wa nchi ile wanakunywa dawa hizo, na wengi wao hawakuwa watu wa namna ya Simon. Mtu aliyekataliwa aliwasaidia hata waliomkataa.

Lakini sitawadanganya kwamba sheria ilimaliza kazi. Mwezi wa Aprili 2008, katika mji wa wafanyakazi uitwao KwaThema, mashariki ya Johannesburg, aliuawa mwanamke aitwaye Eudy Simelane, karibu na kwao. Alikuwa na miaka 31. Aliwahi kuichezea mpira timu ya taifa ya wanawake. Watu wote wa mtaa walijua kwamba anapenda wanawake. Katiba ilikuwapo, na ilikuwa nzuri, lakini Katiba hukaa katika kitabu. Mtoto hukaa mtaani. Asiyeheshimiwa nyumbani na barabarani, kitabu hakiwezi kumkinga usiku.

KWAKO WEWE MZAZI

Sasa nasema na wewe unayesoma, baba au mama, au kaka mkubwa anayelisha wadogo zake.

Huenda hutapata kamwe mtoto wa namna hii. Huenda unaye sasa, amekaa hapo mlangoni, anakusikiliza unavyosoma, na anatazama uso wako. Hatakuuliza swali. Atasikiliza jinsi unavyotamka maneno, na jinsi unavyocheka au usivyocheka. Kwa dalili hizo atajua kama nyumba hii ni yake.

Siwaombi leo mbadili dini zenu wala desturi zenu. Nawaomba mambo matatu, na hata mtu asiye na senti anayaweza.

Kwanza, usimfukuze mtoto. Mtoto aliyefukuzwa haachi kuwa vile alivyo. Huenda kulala kituo cha mabasi au sokoni, na huko watampokea watu wabaya. Ukimfukuza, umempa mtu mwingine kazi ya kumlea.

Pili, usimpige wala usiwaruhusu wengine kumpiga. Fimbo haikuwahi kugeuza moyo wa mtu. Humfundisha kusema uongo vizuri zaidi, basi.

Tatu, kama siku moja akija kukuambia, na huna jibu, nyamaza kwanza. Mwambie, umekula? Kaa. Jibu lingine litakuja baadaye, kesho au mwakani. Mtoto aliyeambiwa "umekula?" siku hiyo anajua kwamba bado ana nyumba.

Mkumbukeni yule mtoto wa miaka tisa. Alishika ufunguo wa kabati, na ndani walikuwa wazazi wake. Hakuwauliza kama wamevunja sheria, wala hakuwaambia kwamba wamemwaibisha. Aliwaficha kwa sababu walikuwa wake, na polisi walipoondoka, alifungua. Watoto wetu hututendea hivyo bila kufundishwa. Na sisi tukishika ufunguo, tufungue.

Ndugu wasikilizaji, somo letu la leo limekwisha. Juma lijalo tutasoma habari za kuandika barua ya kuomba kazi. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Pasi: kitabu au hati ya kumruhusu mtu kukaa au kupita mahali.
Ubaguzi: kumtenga mtu kwa rangi, kabila, dini au hali yake.
Uhaini: kosa la kutaka kuipindua serikali.
Katiba: sheria kuu ya nchi, iliyo juu ya sheria nyingine zote.
Maandamano: watu wengi kutembea pamoja ili kuonyesha wanalotaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wazazi wa Simon walifichwa katika kabati?
2. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakiwa na siri moja, hali zao zina tofauti gani? Toa mfano wa mtaani kwako.
3. Ni kitu gani kilichowafanya wenzake Simon gerezani wakubali kubaki naye?
4. Kwa nini watu wengine walivaa mifuko ya karatasi katika maandamano?
5. "Katiba hukaa katika kitabu, mtoto hukaa mtaani." Eleza maana ya maneno haya.
6. Andika mistari mitano: mama wa Simon angeweza kumwambia nini mwanawe siku ile? Si lazima kuisoma mbele ya darasa.